Insha za Kutazamwa

Zamani, katika Mji Mkongwe wa Unguja, mtu hakuhitaji gazeti wala tangazo la ukutani kumjulisha picha gani inafaa kutazamwa, kwa kuwa habari za senema zilitembea kwa vinywa, kutoka barza hadi barza, na aliyekwisha kuiona picha pale Cine Afrique au Majestic alijiona ana deni, kwa ada isiyoandikwa popote, la kuwahadithia wenziwe mpaka nao waingiwe na hamu ya kukata tikiti. Marehemu baba yangu alikuwa bingwa wa ada hiyo. Picha aliyoipenda kupita zote ilikuwa Awaara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, na kila alipoisifu mbele ya mtu ambaye hajaiona hakupoteza muda kumsimulia nani alimpenda nani na nani alimdhulumu nani, bali alimwelekeza jicho: "Ukifika kwenye ile ndoto, tazama mawingu, wachezaji waache, utawaona baadaye." Aliyeupokea usia huo alikwenda senema ana kazi ya kufanya, na alirudi barzani ana la kusema.

Nilipokuwa mtu mzima majumba ya senema yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine, zikaja kanda na deki, kisha CD, kisha flashi, na kwa kadiri chombo kilivyozidi kuwa chepesi, ndivyo usia nao ulivyopungua uzito. Vijana walirushiana picha kwa makumi ndani ya flashi moja, na nasaha iliyofuatana nazo ilikuwa neno moja tu, kwamba hii ni kali au hii si kali. Ukali wenyewe umekaa pembe gani ya picha, hakuna aliyeuliza wala aliyejibu.

Mwaka 2014 mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa akisoma Dar es Salaam, alikuja likizo na kompyuta yake, na baada ya shikamoo na marahaba, hata chai hajainywa, akaniambia: "Mjomba, kaa hapa kidogo. Nataka umsikie mtu anayezungumza kama babu." Akanifungulia insha ya video juu ya Satoshi Kon, yule Mjapani aliyetengeneza picha nne ndefu za anime, kuanzia Perfect Blue ya mwaka 1997 hadi Paprika ya mwaka 2006, kisha akafariki mwaka 2010 akiwa na umri wa miaka 46. Insha hiyo ilikuwa ya chaneli iitwayo Every Frame a Painting, kazi ya Tony Zhou na Taylor Ramos, na sauti tuliyoisikia ilikuwa ya Zhou. Alizichukua picha za Kon vipande vipande, akaonyesha jinsi mkuu huyo alivyomvusha mtazamaji kutoka tukio hadi tukio kwa mwendo mmoja wa mwili unaoanzia mahali na kumalizikia mahali pengine, hata mtu asitambue ni wapi ndoto ilipoachia na uhai ulipopokea. Akaeleza, fauka ya hayo, kwamba picha iliyochorwa huweza kubeba vitu vichache kuliko iliyopigwa kwa kamera, na maadamu jicho huisoma upesi zaidi, Kon aliweza kuikata upesi zaidi. Mimi nilikuwa nikizihesabu katuni kuwa starehe ya watoto, kama walivyozihesabu watu wengi wa rika langu, na kwa dakika hizo chache dhana hiyo iling'oka na mizizi yake.

Mpwa wangu alikuwa amesema kweli. Huyu bwana wa mbali, ambaye hakupata kukaa barzani kwetu, alikuwa akifanya ile ile kazi ya baba yangu, ila yeye aliweza kuyasimamisha mawingu yenyewe mbele yako na kukuonyesha kwa kidole.

Tangu hapo nikawa msambazaji. Jamaa akiniuliza picha ya kutazama, nilimtumia insha kwanza nikamwomba anijibu aliloliona. Niliyoituma kuliko zote ni ile ya mwaka 2015 juu ya Akira Kurosawa, inayofafanua jinsi ambavyo ndani ya picha zake hakuna kitu kilichotulia bila sababu: mvua inanyesha nyuma ya mtu mwenye huzuni, upepo unapeperusha bendera, moshi unapanda, umati unageuka kwa pamoja, na kamera nayo ina safari yake yenye mwanzo na mwisho. Sahibu yangu mmoja, mvuvi wa Malindi, baada ya kuitazama alikwenda kuitafuta Seven Samurai, picha ya mwaka 1954 inayozidi saa tatu, akaimaliza kwa kikao kimoja, kisha akanisomea khutba ndefu juu ya mvua ya vita vya mwisho, yeye aliyeishi na mvua na upepo tangu utotoni, na katika khutba ile mlikuwamo mambo ambayo Zhou hakuyagusa.

Ufupi wa insha zile ulikuwa neema kwetu tunaonunua bando kwa hesabu, na nilikuja kujifunza baadaye kwamba namna yao ya kukata ilikuwa na sababu nyingine pia. YouTube ina mtambo uitwao Content ID, ulioanzishwa mwaka 2007, unaolinganisha kila video na kazi zenye haki miliki, na watungaji hawa walieleza, katika barua ya kuaga waliyoitoa Desemba 2017, kwamba mtindo wao wa kukata vipande vifupi ulitokana kwa sehemu kubwa na haja ya kuupita mtambo huo. Naliona jambo hili kuwa la kustaajabisha na la kuheshimika, kwamba kizuizi kiliwafunza ufasaha, kama bahari na mizani zinavyomfunza mshairi.

Lakini barua ilikuwa ya kuaga, na waliobaki walikwenda njia nyingine. Tangu mwaka 2012 YouTube ilikuwa imeacha kupima ubora wa video kwa idadi ya waliobonyeza, ikapima kwa muda ambao watu hudumu wakitazama, na taratibu insha zikarefuka, dakika nane zikawa arubaini, arubaini zikawa saa. Siulaumu urefu kwa kuwa ni urefu. Dan Olson alitoa mwaka 2022 insha ya zaidi ya saa mbili, Line Goes Up, juu ya sarafu za kidijitali na biashara ya NFT, na kila dakika yake ina haki ya kuwapo, kwa sababu mambo yenyewe yalikuwa yamefungwa mafundo kwa makusudi na ilibidi yafunguliwe moja moja. Na Jenny Nicholson, mwaka 2024, alizungumza kwa saa nne juu ya hoteli ya Star Wars iliyofungwa pale Florida, nami nilimsikiliza hadi mwisho. Ninaowakataa ni wale, na katika anime ni wengi mno, wanaosimulia kisa tangu mwanzo hadi tamati, sura baada ya sura, wakaita usimulizi huo uchambuzi. Mtu akishamaliza kuwasikiliza hana tena sababu ya kuitazama kazi yenyewe, na hilo ni kinyume kabisa cha usia.

Wakati huo huo mtambo mwingine wa YouTube, ule wa kupendekeza video, ukashika nafasi ya mpwa wangu. Ukimaliza insha moja unakuletea ya pili, na ya tatu, wala sikatai kwamba mara nyingine hupatia. Unajua umekaa kitako muda gani, lakini haukujui wewe ni nani, nani umemzika mwaka huu, lugha gani unaisikia kwa moyo na ipi unaisikia kwa masikio tu.

Hili la lugha ndilo lililonirudisha kwenye kazi ya kuchagua mwenyewe. Dada yangu mkubwa, mama wa huyo mpwa wangu, hajui Kiingereza, na kwa miaka kadhaa alikuwa akituona tukicheka na kutikisa vichwa mbele ya kioo bila ya yeye kupata fungu lake. Ndipo nilipokumbuka kazi za kogonada, mzaliwa wa Korea aliyejipa jina kutokana na la Kogo Noda, mwandishi aliyeshirikiana na mwongozaji wa Kijapani Yasujiro Ozu, na ambaye tangu mwaka 2017 amekuwa akitengeneza picha zake mwenyewe. Insha zake nyingi za awali hazina msemaji. Ile ya mwaka 2012 juu ya njia za kupitia katika picha za Ozu ina muziki na taswira tu: vichochoro, kumbi za ndani, milango ya kusukuma, watu wanaingia na kutoka. Dada aliitazama kimya, akaomba irudiwe, kisha akasema: "Hawa wanavua viatu mlangoni kama sisi. Na nyumba haibaki tupu, mtu akitoka bado yumo." Sijasoma mhakiki aliyeyasema hayo kwa maneno machache zaidi.

Akataka picha nzima. Tukamtilia Tokyo Story ya Ozu, ya mwaka 1953, mwanawe akimfasiria sikioni kama DJ Afro afanyavyo kule Kenya, ila kwa sauti ya chini, na wale wazee wawili waliosafiri kwenda kuwazuru watoto wao wenye shughuli nyingi, wasipate wema kwa yeyote kuliko kwa mkwe wao mjane, walimliza dada yangu mpaka tukasimamisha. Asubuhi alikwenda kwa majirani akawahadithia, na nilimsikia kwa masikio yangu akiwaagiza waitazame ile milango.

Basi sasa nina desturi. Asiyejua Kiingereza nampa kogonada. Mwenye haraka nampa Zhou na Ramos, ambao walirejea mwaka 2024. Mwenye watoto nyumbani namtahadharisha juu ya Perfect Blue, ambayo ijapokuwa imechorwa ni ya watu wazima, ina damu na dhuluma ambazo mtoto hapaswi kuziona. Na yeyote asiyependa kuharibiwa kisa namwambia aitazame picha kwanza, insha baadaye.

Mpwa wangu amenijia na shauri la kutunga insha ya Kiswahili, juu ya Vuta N'kuvute, picha ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ambayo mapenzi yake na siasa zake zimewekwa katika Unguja ya miaka ya hamsini, katika vichochoro tunavyopita kila siku. Yeye anataka dakika sita. Mimi nimemruhusu kumi, kwa sharti kwamba mbili kati yake tunyamaze, tuwaache watu waangalie kuta na mwanga, na mabishano yetu hivi sasa ni juu ya dakika zipi hizo mbili.