Watoro Wawili Juu ya Chelezo: Kuisoma Upya Huckleberry Finn

Katika lugha yetu neno "mtoro" hubeba watu wawili: mtoto akwepaye shule, na mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Kwa miaka mingi nimefundisha riwaya ya Mark Twain kuhusu Huckleberry Finn, iliyochapishwa Uingereza mwaka 1884 na Marekani mwaka 1885, bila kutambua kwamba neno hilo lingenifungulia mlango wake.

Niliisoma kwanza nikiwa mwanafunzi wa bweni. Maisha yetu yalitawaliwa na kengele: ya kuamka, ya sala, ya chakula, ya kulala. Kwa hiyo sikupata taabu kumwelewa mvulana aliyebanwa na nguo safi na adabu za nyumbani kwa Mjane Douglas. Mto Mississippi ukawa kimbilio langu pia. Hata nilipokuwa mhadhiri, niliwaeleza wanafunzi kwamba katika riwaya hii nchi kavu ni jamii, na mto ni uhuru. Ushahidi haukukosekana. Nchi kavu akina Grangerford na akina Shepherdson wanauana kwa ugomvi ambao chanzo chake kimesahaulika. Juu ya chelezo, Huck na Jim wanazitazama nyota na kujadiliana zilitoka wapi.

Siku moja mwanafunzi aliniuliza, "Mwalimu, mto huo unaelekea wapi?" Nilijibu: kusini. Kabla sijamaliza kulitamka neno hilo, tafsiri yangu ilikuwa imekwisha kuporomoka.

Jim amemtoroka Miss Watson kwa kuwa alisikia angeuzwa New Orleans kwa dola 800. Nao mto unamchukua huko huko. Azma yao ni kufika Cairo, mahali Ohio inapoungana na Mississippi, kisha waufuate mto Ohio hadi kwenye majimbo yasiyo na utumwa. Lakini wanaipita Cairo usiku wa ukungu. Maumbile yale yale niliyoyasifu kama kimbilio ndiyo yanayomnyima Jim njia. Kuanzia hapo, kila usiku unaomburudisha Huck unamsogeza Jim karibu na soko. Baadaye, wale matapeli wawili wanaojiita mfalme na mtemi wanapopanda chelezo, Jim hufungwa kamba ili aonekane mtoro aliyekwisha kukamatwa. Hatimaye "mfalme" anamuuza kwa dola 40. Twain, aliyekuwa rubani wa meli za mvuke katika mto huo kabla ya vita vya 1861, aliujua vyema mkondo wake.

Tofauti ya watoro hawa iko katika shabaha zao. Huck anaikimbia jamii, Jim anaitafuta. Ndoto yake ni kufanya kazi, kuweka akiba, kumnunua mkewe, kisha wote wawili wawakomboe watoto wao. Historia ya pwani yetu inatusaidia kumwelewa. Watumwa waliokimbilia Fuladoyo na Witu katika karne ya 19 hawakufuata upweke wa msitu. Walitafuta mahali pa kuishi na wenzao, walime, waoe na kulea. Kwao maumbile yalikuwa njia ya kuifikia jamii nyingine.

Wala si mto unaomweka Jim huru. Mwishoni tunaambiwa kwamba Miss Watson alifariki miezi miwili kabla na kumwacha huru katika wasia wake. Huck naye anapanga kutoroka tena, kuelekea magharibi, peke yake.

Sijaacha kuipenda sura ile ya mapambazuko mtoni, na bado naifundisha. Linalonisumbua ni kwamba mimi, mvulana Mwafrika, niliisoma riwaya yote nikiwa nimeketi upande wa Huck, na Jim nikamwona kama sehemu ya mandhari. Siku hizi, kabla ya kumsifia mwanafunzi uzuri wa mto, humwuliza kwanza: unamzungumzia mtoro yupi?