Mkuu na Mizani

Baadhi yenu vijana mnatamani kazi katika uwanja wa ndege wa Kindu. Watu humwona mkuu wa kituo cha shirika la ndege kama mgawaji wa nafasi. Sisi twapendelea kumwuliza kijana aliye chini yake, yule apimaye mizigo. Mzigo umezidi, mfanyabiashara anabembeleza, mwenye cheo anatisha. Je, mkuu atatoka ofisini na kusema, «Neno la huyu ni neno langu», ama atamnong'oneza aandike kilo pungufu? Rubani huutegemea uzito ulioandikwa. Tarehe 8 Januari 1996, Antonov iliyozidiwa na mzigo ilishindwa kupaa N'Dolo, Kinshasa, ikaingia katika soko la Simbazikita. Walikufa watu zaidi ya 200, karibu wote wakiwa sokoni.

Mkuu mcheshi, mwenye kukumbuka chai ya wafanyakazi, twamsifu pia (chai ni jambo jema). Lakini siku ndege isipofika na abiria wamewaka hasira, wafanyakazi humtafuta kwa macho: yuko mbele yao, au simu yake imezimwa?