Kuhifadhi na Kufahamu: Niliyojifunza Katika Kitabu cha Kusadikika



Imekuwa ni ada katika miji yetu ya mwambao mtoto kupita katika milango miwili ya elimu. Asubuhi huenda shuleni, na alasiri huja chuoni. Milango ni miwili, lakini kichwa kinachoingia ni kimoja. Kwa hiyo ni jambo la kustaajabisha kuwa wazee wengi huzisema elimu hizi kana kwamba ni wake wenza, ikipendwa moja sharti nyingine ichukiwe. Nataka kusema machache juu ya jambo hili, si kwa yale niliyoyasikia, bali kwa yale niliyoyaonja mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi tena nikiwa na umri wa miaka 54.

Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Tanga. Nilihitimu Kurani utotoni, nikasoma shule ya msingi hadi darasa la 7, na kwa miaka 30 kazi yangu imekuwa kuwasomesha watoto, tangu alifu na bee mpaka wahitimu. Mwaka juzi baba mmoja wa mtaani kwetu alinijia barazani baada ya sala ya alasiri. Mwanawe alikuwa na miaka 13, amekwisha kuhifadhi juzuu 5, naye ni katika wanafunzi wangu walio hodari. Baba yule akasema kwa adabu, lakini kwa uchungu: "Maalim, niwie radhi. Nataka kumtoa mtoto chuoni. Shuleni nimeambiwa kuwa anakariri tu, hafahamu asomacho. Wanamwita kasuku. Nami nakhofu kuwa ni chuo kilichomfanya kasuku." Nikamwomba anistahimilie mpaka mwisho wa mwaka, naye akakubali.

Maneno yale hayakunipa usingizi. Ikiwa kuhifadhi kunamwondolea mtoto akili ya kufahamu, basi wazee wote wa mtaa wangu wana haki ya kuwatoa watoto wao chuoni. Na ikiwa si hivyo, basi yapasa ijulikane ni kitu gani kinachompungukia kijana yule. Nikaona kuwa shauri hili haliwezi kukatwa kwa mazungumzo ya barazani. Wakati huo palikuwa na darasa la jioni la watu wazima katika shule iliyo karibu nasi. Nikajiandikisha katika somo la Kiswahili, nipate kujua kwa nafsi yangu kichwa kilicholelewa na chuo hufanya nini kinapopewa kitabu cha shule.

Mwalimu wetu alikuwa binti aliye sawa kwa umri na mwanangu wa pili. Mimi nikimwita Mwalimu, naye akiniita Maalim, na wenzetu wakicheka kwa kutojua ni nani anayemsomesha mwenzake. Madawati yalikuwa ya watoto, wala magoti yangu hayakupata mahali pa kukaa hata siku ya mwisho. Kitabu alichotuchagulia, tufanye mazoezi ya kusoma riwaya, kilikuwa Kusadikika cha Shaaban Robert, mwenyeji wetu wa Tanga aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Kitabu chenyewe kilitolewa mwaka 1951.

Kabla sijaendelea, najua wapo watakaouliza kama yafaa mwalimu wa chuo kushughulika na kitabu cha visa vilivyobuniwa. Nami nasema hivi. Uwongo ni kumwambia mtu jambo lisilokuwa, ukitaka asadiki kuwa limekuwa. Mwenye kusimulia mfano hamdanganyi mtu, maana msikilizaji ajua tangu mwanzo kuwa ni mfano. Waislamu wa zamani walikisoma Kalila na Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu katika karne ya 8, na humo wanyama husema kama watu. Huko Andalusi, katika karne ya 12, tabibu na mwanachuoni Ibn Tufayl aliandika kisa cha Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyekulia peke yake kisiwani, apate kuonyesha jinsi akili inavyoutafuta ukweli. Basi mlango huu haukufunguliwa jana.

Kwa wale wasiokisoma, Kusadikika ni nchi iliyo angani. Humo mtu mmoja aitwaye Karama ameshitakiwa mbele ya mfalme na waziri Majivuno, na kosa lake ni kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria. Karama anajitetea kwa kusimulia visa vya wajumbe sita, nao ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Walipelekwa pande zote nne za dunia, na juu mbinguni, na chini ardhini, kuitafutia nchi yao mambo ya kheri. Waliporejea na kheri hizo walilipwa mateso na kifungo. Mwisho wake Karama hupata haki, na wajumbe wale hufunguliwa.

Sasa nije katika yale niliyoyaona juu ya kujifunza.

Jambo la kwanza ni kuwa hifadhi ilinifaa sana. Nilikisoma kitabu kama tunavyodurusu chuoni. Baada ya sala ya alfajiri nilisoma fungu moja kwa sauti, na kabla ya kulala nikalirudia bila ya kufungua kitabu. Siku ya pili sikuchukua fungu jipya mpaka nimelipitia lile la jana. Wenzangu vijana walikuwa wepesi kuliko mimi. Wengine walikimaliza kitabu kwa usiku mmoja, lakini ilipofika Ijumaa walikuwa wamekwisha kuwachanganya wajumbe, wala hawajui ni yupi aliyekwenda wapi. Mwalimu aliponitaka nisimulie, niliwataja wote sita na safari zao kwa taratibu. Hapo nilipata yakini kuwa kurudia ya jana kabla ya kuchukua ya leo ni ufundi wa kujifunza unaofaa katika kila elimu, nao tuliurithi chuoni.

Jambo la pili ni maneno. Kwa kuwa nimezoea kutafuta asili ya neno la Kiarabu, majina ya wajumbe yalisema nami mapema. Buruhani ni hoja iliyo wazi. Fadhili ni katika fadhila. Kabuli ni kukubali, Auni ni msaada, Ridhaa ni kuwa radhi, na Amini ni mwenye kuaminika. Karama ni heshima na utukufu. Ama Majivuno hahitaji kamusi. Nilipoyaeleza haya darasa lilifurahi, na kila mmoja akaanza kutoa alichokuja nacho. Mama mmoja muuza maandazi, ambaye alikuwa hasemi sana, aliuliza swali lililotushinda sote: "Mbona katika nchi hii anayeleta kheri ndiye anayefungwa, na asiyeleta kitu ndiye anayehukumu?" Mwalimu aliliandika swali lile ubaoni na akaliacha lisifutwe wiki nzima.

Jambo la tatu ndilo lililonipa jibu la kumpelekea baba yule. Siku moja Mwalimu alituuliza: "Kwa nini mwandishi hakuzisema hoja hizi kwa ulimi wake mwenyewe, akazitia kinywani mwa mshitakiwa?" Darasa likanyamaza. Mimi nilikuwa na kitabu kizima kifuani, lakini jibu halikuwamo katika maneno niliyoyahifadhi. Nilirudi nyumbani nikilifikiri. Ndipo nilipokumbuka darasa la msikitini baina ya magharibi na isha, jinsi sheikh asivyoanza kufasiri aya mpaka atueleze iliteremshwa lini na kwa sababu gani. Hapana shaka kuwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu hakilinganishwi na kitabu cha mwanadamu. Lakini ada hii ya kuuliza lini na kwa sababu gani ni ada njema ya akili, wala haikukatazwa kwingineko.

Nikauliza basi. Kitabu hiki kilitoka mwaka 1951, ilipokuwa Tanganyika chini ya utawala wa Waingereza, miaka 10 kabla ya uhuru wa mwaka 1961. Mwandishi mwenyewe alikuwa mtumishi katika serikali ile ile. Mtu aliye katika hali hiyo, akitaka kusema kuwa utawala unaowaadhibu wenye kuupa shauri jema unajidhuru wenyewe, aliseme wapi neno hilo? Atatafuta nchi iliyo angani, mbali na kila afisi. Na atamtafuta msemaji ambaye amekwisha kushitakiwa, maana mshitakiwa analazimika kusema ili aokoke.

Kipindi kilichofuata niliyasema haya. Mwalimu hakunisifu wala hakunipinga. Aliniuliza neno moja tu: "Umeyapata wapi, Maalim?" Yaani nimwonyeshe ndani ya kitabu. Moyo wangu ulitulia kwa swali lile, kwani ndilo waliloliuliza maulamaa wa Hadithi kwa karne nyingi. Kwao khabari haipokewi mpaka ijulikane imepokewa kwa nani. Basi nikaleta ushahidi mara tatu. Nikasema kuwa visa vya wajumbe vinaishia kwa kuadhibiwa mtu asiye na hatia. Nikasema kuwa kosa la Karama ni kutaka kufundisha. Nikasema kuwa mshitaki ameitwa Majivuno. Mwalimu akaupokea ushahidi wa kwanza na wa pili, na wa tatu akaujadili. Akasema jina peke yake halitoshi, kwa kuwa mtu aweza kupewa jina zuri akatenda ubaya, kwa hiyo tutazame kitendo kwanza, kisha jina liwe msaada. Tulijadiliana mpaka adhana ya magharibi ikatutoa darasani.

Hayo ndiyo niliyoyatafuta. Kuhifadhi ni kutia akiba ghalani, na kufahamu ni kupika. Mwenye ghala tupu hana cha kutia chunguni, hata moto wake uwe mkali namna gani. Na mwenye ghala lililojaa asiyewasha moto hulala na njaa. Kijana yule hakuharibiwa na hifadhi yake. Alikuwa na akiba kubwa, lakini hapana mtu aliyemuuliza juu yake. Kwa taratibu ya wazee wetu, mwanafunzi akisha kuhitimu hukaa mbele ya sheikh akasomeshwa matini na sharhe yake, neno kwa neno, akiulizwa na kuuliza. Siku hizi watoto wengi hutuacha kabla ya kufika hapo, na huko shuleni huenda wasijue ni akiba gani waliyoibeba.

Basi nikamketisha kijana yule mkekani, saa moja kila Jumamosi, tukakisoma Kusadikika mjumbe mmoja kwa wiki. Mwanzo kila nikimuuliza alinijibu kwa maneno ya kitabu yenyewe, bila ya kukosa hata moja. Nikimwambia, "Sasa niambie kwa maneno yako," alikaa kimya akitazama miguu yake. Wiki ya kwanza ilipita hivyo, na ya pili. Wiki ya nne alisema taratibu: "Maalim, wajumbe hawa wangenyamaza wasingefungwa. Lakini wangenyamaza, safari zao zingekuwa na faida gani?" Sikumsifu. Nilimuuliza kama nilivyoulizwa: "Umeyapata wapi?" Akafungua kitabu akanionyesha.

Mwisho wa mwaka baba yake alikuja tena. Alama za mwanawe katika Kiswahili zilikuwa zimepanda, ama katika hisabati bado hali ilikuwa ngumu. Hakuridhika yote, naye ana haki, kwani mtoto ni amana yake kabla ya kuwa mwanafunzi wangu. Tulikubaliana kijana aje chuoni siku 3 kwa wiki badala ya 5. Nilizipokea siku hizo, na mpaka leo anakuja.

Ninyi wazazi, nawaomba jambo dogo lisilohitaji fedha. Mtoto akisha kusoma, kiwe kitabu cha dini au cha shule, muulizeni maswali manne. Nani amesema? Amesema lini na kwa sababu gani? Umeyapata wapi? Na wewe waonaje? Kisha mstahimilini akinyamaza, maana ukimya wa kufikiri si ujinga. Ninyi vijana, msione haya kwa kuwa mwahifadhi. Rudieni ya jana kabla ya kuchukua ya leo, someni kwa sauti, na kila neno mtakaloliandika juu ya kitabu liandikieni ukurasa wake. Na ninyi walimu wenzangu wa vyuo, tutenge robo saa kabla ya kuwaruhusu watoto, iwe ni ya kuuliza na kuulizwa.

Mtazameni Karama mwenyewe. Angekuwa na hifadhi tu, angesimulia visa sita na watu wakaenda zao. Angekuwa na fikra tu bila ya visa, ingekuwa kelele ya mtu mwenye khofu. Alivikumbuka visa vyote kwa taratibu, akajua kwa nini anavisimulia, na mbele ya nani, na kwa shabaha gani. Kwa viwili hivyo alijiokoa nafsi yake na akawatoa wenziwe kifungoni.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, awafungue vifua watoto wetu wapate kuhifadhi na kufahamu, na atujaalie sisi wakubwa tusichoke kujifunza. Amin.