Spurs, Biyombo na kitenzi "kunyima"

Nitaanza na lile ambalo wenzangu wa uwanjani hawalikubali: kesho ya San Antonio Spurs haitaamuliwa na pointi za Victor Wembanyama. Pointi zitakuja zenyewe. Msimu wa 2024-2025 alikuwa na wastani wa pointi 24.3 kwa mechi, na bado timu ilishinda mechi 34 tu, ikapoteza 48. Kitakachoamua ni mechi ngapi atakazosimama chini ya kikapu chake mwenyewe, na ni nani atakayesimama hapo yeye akipumzika au akiugua. Haya ni maoni ya shabiki, na shabiki ana haki ya kusema bila kudaiwa bibliografia. Walimu wangu wataniwia radhi.

Kwa nini kijana wa Lubumbashi afuate timu ya Texas? Karibu mtaa wetu wote ni wa Lakers, na yaya wangu ndiye kiongozi wao. Mimi nilikuwa na miaka 13 Spurs walipochukua ubingwa wa 2014, ambao ni wa tano baada ya ule wa 1999, 2003, 2005 na 2007. Kilichonivuta hakikuwa kombe. Katika timu ile kulikuwa na Parker na Diaw wa Ufaransa, Ginóbili wa Argentina, Splitter wa Brazil, Belinelli wa Italia, Mills na Baynes wa Australia. Mimi nimekulia katika nyumba ambamo baba anakasirika kwa Kiluba, mama anaomba kwa Kibemba, sisi watoto tunagombana kwa Kiswahili, na shule inatusubiri kwa Kifaransa. Timu iliyopitishiana mpira haraka vile ikiwa na lugha nyingi vile niliielewa bila mtu kunieleza.

Baada ya hapo tumeteseka. Spurs waliingia hatua ya mtoano misimu 22 mfululizo, kuanzia 1998 hadi 2019, kisha wakaikosa misimu 6 mfululizo. Nimeamka saa tisa za usiku, maana ndiyo saa ya huku wanapoanza saa moja jioni kule, nimechoma mega za simu yangu, ili kuangalia timu ikifungwa na Charlotte. Yaya alikuwa akiniambia kwamba mtu anayelipa ili ateseke ana ugonjwa.

Nije kwenye kitenzi. Memwari yangu inahusu maneno ya vijana wanaocheza basketi katika viwanja vya saruji vya Katuba na Kenya. Profesa anayeniongoza alinyamaza kwa muda mrefu nilipomletea mada hiyo, kisha akauliza kama basketi ina maneno ya kutosha kwa kurasa 60. Ina zaidi. Lakini maneno hayo hayakugawanyika sawa. Kwa kufunga, kurusha na kumpita mtu, vijana wana maneno mengi, ya Kiswahili, ya Kifaransa, na mengine wameyatengeneza jana. Kwa kulinda wana machache sana. Wana "kukontre", lililotoka Kifaransa, na wana "kunyima".

Hilo la pili ndilo lililonishika. Mchezaji akiruka na kuurudisha mpira wa mwenzake, wale walio pembeni wanapiga kelele: "Amemunyima!" Hawasemi "amezuia mpira". Angalieni sarufi yake. Kuzuia kunataka kitu: unazuia mpira, unazuia maji, unazuia gari. Kunyima kunataka mtu kwanza, kitu baadaye: unamnyima mtu chakula, unamnyima mtu haki yake. Tena huwezi kumnyima mtu kitu ambacho hakukitaka. Yule aliyerusha mpira alishaamini kwamba pointi ni zake, na hapo ndipo aliponyimwa. Neno moja limebeba watu wawili na hamu ya mmoja wao. Kamusi za basketi nilizozisoma kwa Kifaransa hazina neno linalofanya kazi hiyo.

Sasa, Wembanyama. Yeye ana zaidi ya mita 2 na sentimita 20, na tarehe 12 Februari 2024, katika mwaka wake wa kwanza, aliwanyima Toronto mara 10 katika mechi moja, akiongeza pointi 27. Kila mtu anakumbuka mechi kama hiyo. Mimi ninayoyakumbuka zaidi ni mengine, ambayo hayaandikwi popote. Mshambuliaji anaingia ndani, amempita mlinzi wake, kikapu kiko wazi mita mbili mbele. Anainua macho, anamwona Wembanyama amesimama, hata hajaruka. Anageuka, anarudisha mpira nje. Hakuna kontre iliyoandikwa. Hakuna mtupo uliokosa. Katika takwimu, tukio hilo halikutokea.

Vijana wa Katuba wana jina lake. Wanasema: "Ule amejinyima." Ni kiambishi kimoja tu, -ji-, kimeingia katikati, na mnyimaji na mnyimwaji wamekuwa mtu mmoja. Nililiandika neno hilo daftarini mara ya kwanza wakimsema kijana mmoja aliyeogopa pivo wa timu pinzani, na nikawaza papo hapo: hii ndiyo San Antonio. Ulinzi bora wa Spurs ni ule ambao mpinzani anaufanya mwenyewe.

Ndiyo maana Februari 2025 iliniuma kuliko vipigo vya misimu 6. Wembanyama alikuwa ametoka kucheza mechi ya nyota, ya kwanza kwake, kisha ikatangazwa kwamba ana damu iliyoganda ndani ya mshipa wa bega la kulia. Msimu wake uliishia kwenye mechi 46. Ugonjwa huo si mchezo: Chris Bosh wa Miami alicheza mechi yake ya mwisho Februari 2016 kwa sababu ya damu kuganda, akiwa bado na nguvu zake. Kwa wiki nzima sikufungua hata vipande vya mechi. Yaya hakunitania, na nilijua kwa kimya chake kwamba naye aliogopa.

Na ni katika mwezi huohuo ambapo Spurs walimleta mtu wa kwetu. Bismack Biyombo alizaliwa Lubumbashi mwaka 1992. Aliondoka kijana, akapita Yemen, akafika Hispania, na mwaka 2011 akachaguliwa wa saba katika drafti. Kabla ya drafti hiyo, katika mechi ya vijana bora wa dunia dhidi ya wale wa Marekani, alipata pointi 12, mipira 11 iliyorudi toka kikapu, na kontre 10. Mwaka 2016, akiwa Toronto, aliokota mipira 26 katika mechi moja ya mtoano dhidi ya Cleveland ya LeBron James. Baadaye, baba yake alipofariki, alitoa mshahara wake wa msimu ule wote ili hospitali ijengwe Congo kwa heshima yake.

Yaya anasema Biyombo ana mikono ya mbao. Ni kweli hajawahi kuwa mfungaji, na pasi ngumu humponyoka. Lakini Wembanyama alipolazimika kukaa, ni Biyombo mwenye miaka 32 aliyeanza mechi nyingi mahali pake. Alichofanya pale ni kazi ya kuziba mlango kwa mwili. Haikutosha, na haikuwezekana itoshe. Wapinzani waliokuwa wakijinyima mbele ya Wembanyama waliacha kujinyima. Waliingia, walirusha, walinyimwa mara moja na wakafunga mara tatu. Mtu akitaka kujua thamani ya Wembanyama, aangalie mechi za Machi na Aprili ambazo hakucheza.

Kuna jambo hapa nataka kulisema taratibu. Wacongo tuliowatoa kwenye ligi ile tunawajua kwa kunyima. Dikembe Mutombo, aliyetutoka Septemba 2024, alimaliza na kontre 3,289. Ni Hakeem Olajuwon peke yake aliye juu yake. Alichaguliwa mlinzi bora wa mwaka mara 4. Ng'ambo ya mto kuna Serge Ibaka wa Brazzaville, kazi ileile. Biyombo, kazi ileile. Uwanjani kwetu watu husema ni damu. Mimi sikubali. Hawa walikuta timu zenye wafungaji tayari, wakapewa kazi iliyobaki, wakaifanya kuliko wote. Mutombo hakwenda Marekani kwa ajili ya basketi hata kidogo. Alikwenda kusomea udaktari, na akamaliza Georgetown na shahada ya isimu na diplomasia. Ndiyo, isimu. Kila mara mtu akiniuliza katika korido ya kitivo isimu inapeleka wapi, namtaja yeye.

Wembanyama ni wa kwanza wa ukoo huo, kama mnaniruhusu kumwingiza humo kwa upande wa baba yake mwenye asili ya Congo, ambaye hakuna aliyemwambia achague kati ya kufunga na kunyima. Vijana wanasema: "Ni mutoto ya kwetu." Alizaliwa Le Chesnay, alichezea Ufaransa kwenye fainali ya Olimpiki ya Paris 2024 na kufunga pointi 26. Ni mtoto wa kule. Mtoto wa kwetu ni Biyombo, aliyejifunza kuruka juu ya vumbi letu. Lakini sitapigana na mtu kwa ajili ya kimilikishi.

Basi, msimu ujao. Ninaandika mwishoni mwa Julai 2025, na madaktari wamemruhusu Wembanyama arudi. Mwezi Juni alikwenda hata kukaa na watawa wa Shaolin huko China, jambo ambalo yaya alilicheka siku mbili. Mimi naona mtu aliyepata hofu ya kifo akiwa na miaka 21 anaweza kwenda popote anapotaka. Gregg Popovich, aliyewafundisha Spurs tangu 1996 na kushinda mechi nyingi kuliko kocha yeyote wa ligi, aliachia kiti mwezi Mei baada ya kuugua kiharusi mwaka jana. Mitch Johnson amekirithi. Simwonei wivu.

Tatizo lake la kwanza ni kwamba ana waongozaji watatu na mpira mmoja. De'Aaron Fox, aliyetoka Sacramento mwezi Februari, alicheza mechi 17 tu kabla ya kufanyiwa upasuaji wa kidole. Stephon Castle amekuwa mchezaji mpya bora wa mwaka. Dylan Harper amechaguliwa wa pili katika drafti ya Juni. Baba yake, Ron, ana vikombe 5, kwa hiyo mtoto anajua mlango wa kuingilia. Wote watatu wanapenda kuingia ndani na mpira mkononi. Hakuna kati yao anayeogopwa akiwa mbali: Castle alipata asilimia 28.5 tu ya mitupo yake ya pointi 3. Nani atawafungulia njia? Harrison Barnes na Devin Vassell, labda Julian Champagnie. Ningekuwa Johnson, Castle angetoka benchi, na najua nitatukanwa kwa sentensi hii. Si kwa sababu ni mdogo kuliko Fox. Ni kwa sababu ndiye anayelinda vizuri kuliko wenzake, na dakika ambazo Wembanyama anapumzika ndizo zinazohitaji mlinzi.

Pengo la Chris Paul halizungumzwi vya kutosha. Mzee yule alianza mechi zote 82 akiwa na miaka 39, na sasa ameondoka. Alikuwa anampa Wembanyama mpira pale anapoutaka, wakati anapoutaka. Fox ana kasi mara tatu, lakini kasi haiongei.

Usajili ninaoupenda kuliko wote ni ule usiopigiwa kelele: Luke Kornet, pivo mrefu aliyetoka Boston. Ndiye jibu la swali langu la mwanzo. Kwa mara ya kwanza Wembanyama atakapokaa, atasimama mtu ambaye mshambuliaji atafikiri mara mbili mbele yake. Kumbukeni kwamba Oklahoma City ndio mabingwa, katika kanda hiyohiyo ya magharibi, na wamewashinda watu kwa ulinzi kwanza.

Utabiri wangu ni huu: Wembanyama akicheza mechi 65 au zaidi, Spurs wataingia mtoano bila kuomba mtu. Akicheza chini ya 50, tutarudi kulekule, waongozaji watatu au watano. Yaya ameweka dau la katoni moja ya vinywaji baridi kwamba hawataingia. Nimelikubali. Oktoba ligi ikianza nitakuwa na daftari la memwari pembeni ya simu, na safu moja ya ziada nimeshaichora: kila mara mtu atakapoingia ndani, akainua macho, akageuka, nitaweka alama chini ya "-ji-".