Shimo Nyuma ya Nyumba Yangu

Leo naungama kosa langu mbele yenu.

Miaka mingi nimewafundisha watoto wa shule yetu, hapa uwandani mwa Ruzizi, kufyeka majani ili mbu watoweke. Kila Jumamosi mapanga yalilia tangu asubuhi, nami nikitazama kwa furaha. Wakati ule ule, nyuma ya nyumba yangu palikuwa na shimo nililochimba kupata udongo wa matofali. Mvua zilipoanza, lilijaa maji maangavu, wala sikuyadhania ubaya wowote.

Binti yetu wa miaka minne akashikwa na homa, akapona; baada ya majuma machache akashikwa tena. Safari hii degedege lilimpata, mama yake akambeba usiku ule mpaka zahanati. Muuguzi, mama wa makamo, alipokwisha kumpima damu na kumpa dawa, aliniuliza, "Mwalimu, kwenu maji yamesimama wapi?"

Nikajibu, "Hakuna, mama. Tumefyeka kila mahali."

Asubuhi nilichota maji ya shimo kwa bakuli jeupe. Lo! Viluwiluwi vilikuwa vimelala bapa, sambamba na uso wa maji. Hiyo ndiyo alama ya anofelesi, mbu aenezaye malaria. Viluwiluwi vya mbu wengine wengi huning'inia kichwa chini. Ronald Ross aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu huko India mwaka 1897, nami nilikuwa nimeyasoma hayo tangu ujana! Jambo moja tu sikulishika: mbu yule aliye hatari kupita wote katika Afrika yetu hatagi mayai vichakani. Hupenda vidimbwi vidogo vyenye jua, visivyo na majani: alama za kwato za ng'ombe, nyayo za magurudumu barabarani, mashimo ya matofali. Pengine kwa mapanga yetu tulikuwa tukimfungulia jua.

Katika joto la kwetu, yai huweza kuwa mbu arukaye kwa siku 7 hadi 14 hivi. Mafuta yakimwagwa juu ya maji huvizuia viluwiluwi kupumua, lakini mbuzi na bata hunywa pale. Nikaona afadhali kufukia. Chandarua hatukukiacha, maana mbu wa jirani hawabishi hodi.

Basi, jirani mwenyewe ana mashimo mawili, naye ni mzee anayewalipia wajukuu wake karo ya sekondari kwa matofali yale. Nilimwendea.

"Mwalimu," akasema, "ukiyafukia, nani atawalipia?"

Sikuwa na jibu. Tulikaa kitako muda mrefu, hata tukapatana: yeye achimbe mfereji, maji yateremke mtoni, mimi na wanafunzi tuuzibue kila Jumamosi kwa majembe, badala ya kufyeka.

Juma lililopita mchanga uliuziba tena. Katika bakuli nilihesabu viluwiluwi vitatu. Mzee alichukua jembe lake kabla sijasema neno.