Eti saratani ni ugonjwa wa watu wa mjini!

JUZI nilikuwa kwa mama lishe wetu pale karibu na ofisini, wali maharage mezani, stori zimekolea. Si unajua tena mambo ya mchana, kila mtu na lake.

Mara kijana mmoja mtanashati, shati limenyooka utadhani limepigwa pasi akiwa amelivaa, akaisogeza pembeni sahani yake ya chipsi mayai na kusema: "Hizi ndizo zinazotumaliza. Saratani ni ugonjwa wa watu wa mjini bwana. Kule kwetu kijijini watu wanakula dona na mchicha, wanashika jembe, hata hawajui saratani ni mdudu gani."

Meza nzima ikaitikia. Mmoja akaongeza mkorogo, mwingine akaitaja minara ya simu. Hata mama lishe mwenyewe alitingisha kichwa kukubali, ingawa chipsi ni zake!

Mimi nilinyamaza. Si kwamba sikuwa na la kusema. Ninalo, tena kubwa. Ila ni la aibu, na linanihusu mwenyewe. Leo nalimwaga hapa.

Ukweli ni kwamba hata mimi zamani nilikuwa na imani ileile ya yule kijana. Mimi ni mtoto wa Temeke, nimezaliwa hapa hapa Dar es Salaam, lakini asili yetu ni milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la tano. Aliyebaki kunishika mkono ni dada yake, mama mkubwa.

Kila msimu wa peasi alikuwa akinitumia kiroba kwa kondakta wa basi. Nakwenda kukipokea Ubungo, maana enzi hizo stendi ya mabasi ya mikoani ilikuwa bado pale, nakuta jina langu limeandikwa kwa kalamu nene. Ndani peasi, plamu, na chini kabisa kachupa ka asali kamefungwa kwenye kanga ili kasivunjike. Ukimwona mama mkubwa mwenyewe, mwembamba, anapanda mlima na mzigo wa kuni kichwani bila kuhema, utasema huyu atatuzika wote.

Mwezi wa saba mwaka 2018 akanipigia simu. Nilikuwa saluni, nasukwa, kelele tele.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Kuna kitu nataka nikwambie wewe, kwa kuwa u mwanamke mwenzangu. Ile hali ya kila mwezi imenirudia."

Alikuwa na miaka 58. Hedhi alishaikoma miaka kama sita nyuma.

Unajua nilimjibu nini? Nilicheka. Nikasema kwa sauti, wasusi wote wakasikia: "Heee, mama mkubwa, umerudi usichanani! Mwambie baba mkubwa ajiandae."

Na yeye akacheka. Nilimsikia kabisa akicheka. Halafu akaniuliza habari za kazi, tukaagana.

Jamani, mwanamke aliyekoma hedhi akitokwa na damu, hilo si jambo la kuchekea. Ni kengele. Siku ileile anatakiwa aanze safari ya kwenda kupimwa. Mimi, niliyesoma hadi chuo, ninayekaa kwenye jiji lenye hospitali kila kona, sikulijua hilo. Sasa yeye angelijulia wapi?

Alikwenda zahanati, akapewa vidonge. Damu ikapungua, ikarudi. Akaenda tena, vidonge tena. Majirani wakamshauri mganga wa kienyeji, mganga akamtaja mtu. Hapo ukaongezeka ugomvi wa ukoo juu ya ugonjwa. Muda wote huo hakuna aliyemlaza kitandani akamwangalia kule tatizo lilikokuwa. Na mwenyewe aliona haya kusema zaidi, hasa baada ya yule mmoja aliyemwambia kumcheka.

Msimu wa peasi ulipofika, mwanzoni mwa 2019, kiroba hakikuja. Nikadhani miti haikuzaa mwaka ule.

Mwezi wa sita binamu yangu akamshusha Ubungo akiwa amemshika kwapani. Nilimpita hatua mbili bila kumtambua. Wee acha tu.

Hospitali ya kwanza tuliyoingia, kabla ya kumwona daktari, karani akauliza: "Mgonjwa anaishi wapi?" Nikajibu haraka haraka, Temeke. Niliogopa nikisema Lushoto wataniambia mrudisheni mkaanzie huko. Hakuna aliyenitisha hivyo, ni woga wangu mwenyewe tu. Karani akaandika: Temeke.

Kumbukeni hilo neno. Nitalirudia.

Majibu yalipotoka, daktari alituita ndani, akatufungia mlango. Saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya tatu. Akatuelekeza Ocean Road, ile taasisi iliyo ufukweni, yenye majengo ya tangu enzi za Wajerumani, ambayo mwaka 1996 ilifanywa taasisi ya saratani inayojitegemea. Kwa miaka mingi mashine za mionzi kwa nchi nzima zilikuwa pale tu, kabla Bugando ya Mwanza haijaanza na yenyewe. Sasa piga hesabu ya mtu wa Kigoma au wa Songea.

Tulikwenda wiki tano. Pale kwenye mabenchi ndipo nilipoanza kujifunza. Nilikaa nikitarajia kuwaona watu wa mjini, wala chipsi wenzangu. Nikawasikia akina mama wakisimulia wanakotoka: Tandahimba, Kondoa, Sumbawanga, Kilosa. Wengi mikono yao ilikuwa kama ya mama mkubwa, ya jembe. Na karibu wote hadithi yao ilikuwa moja: nilianza mwaka juzi, nikapewa vidonge.

Damu ilikata. Mama mkubwa akapata nafuu, akataka kurudi kwake. Mwezi wa pili mwaka 2020 akafariki kitandani pake, akazikwa siku ileile baada ya sala ya alasiri.

Msibani, usiku, wanawake tumekaa kwenye mikeka, maneno yakaanza kutoka. Kumbe mwaka uliotangulia jirani wa nyumba ya chini alitokwa na damu mpaka akaisha. "Alitupiwa," wakasema. Kumbe mzee mmoja wa ng'ambo ya korongo alifikia mahali hamezi hata uji, anakonda tu, akafa hivyo hivyo. "Kidonda cha koo." Hawakupimwa, hawakuwa na faili, hakuna aliyeandika popote.

Nikaanza kuhesabu kwa vidole gizani. Kitongoji kimoja, watu watatu. Kwenye karatasi je? Wale wawili hawapo kabisa. Na mama mkubwa yupo, lakini ni mkazi wa Temeke! Kwa mdomo wangu mwenyewe nilimhamisha. Lushoto sifuri, Dar es Salaam moja.

Sasa mtu akichukua makaratasi hayo akachora ramani, atasema nini? Atasema saratani ni ugonjwa wa watu wa mjini. Kama yule kijana wa chipsi.

Baada ya arobaini nikashikwa na hamu ya kusoma kila kitu kuhusu jambo hili. Nikagundua hesabu za saratani hutoka kwenye rejista, yaani daftari maalumu la kila mgonjwa aliyethibitishwa katika eneo fulani. Afrika rejista ni chache, na nyingi ziko mijini, karibu na maabara na madaktari. Ile ya Kampala, moja ya zile kongwe Afrika, inahesabu tangu miaka ya 1950 watu wa kaunti ya Kyadondo, yaani jiji na viunga vyake. Kwa hiyo tukiambiwa nchi ina wagonjwa kadhaa, mara nyingi ni makadirio yaliyojengwa juu ya vituo vichache. Kijiji kinakisiwa.

Yuko daktari mmoja aliyekataa kukisia. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi Uganda. Alikuwa akiona watoto wenye uvimbe wa ajabu wa taya. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari la mtumba, wakazunguka kama maili 10,000 mashariki na kusini mwa Afrika, wanaingia hospitali hadi hospitali wakiuliza: mmewahi kuona hii? Wakapata ramani. Ugonjwa ulikuwa kwenye maeneo ya joto na mvua, haukupanda milima yenye baridi. Baadaye ikaeleweka kuwa virusi na malaria vinashirikiana kuuleta. Leo unaitwa kwa jina lake. Lakini siri ilikuwa ndogo tu: alikwenda, akauliza.

Usidhani haya ni ya kwetu maskini peke yetu. Mwaka 2017 CDC, kile kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, kilitoa hesabu za kaunti zao, vijijini kwa mijini. Wagonjwa wapya kwa mwaka: vijijini 442 kwa kila watu 100,000, mijini 457. Kijiji kinaonekana nafuu, sivyo? Haya, tazama vifo: vijijini 180, mijini 158. Yaani wanaogundulika ni wachache, wanaokufa ni wengi. Na wale wana barabara za lami na kompyuta! Sababu wanazozitaja utadhani zimeandikwa Lushoto: hospitali iko mbali, uchunguzi haufanyiki, mtu anafika amechelewa. Kule sigara nazo zimezidi vijijini.

Nisimwonee yule kijana, nusu ya maneno yake ni kweli. Saratani ya matiti hupatikana zaidi mijini, na si kwa sababu ya mashine tu. Tunazaa wachache, tunachelewa kuzaa, tunanenepa, tunakaa kwenye viti kutwa nzima, tunakunywa bia. Hayo yote huongeza hatari, na mjini ndiyo maisha yetu.

Lakini kijiji nacho kina vyake. Kuna saratani ya koo la chakula, inayosumbua sana ukanda wa mashariki mwa Afrika, na vinywaji vya moto kupita kiasi, zaidi ya nyuzi 65, vinashukiwa kuwa na mchango. Kuna sumukuvu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, inayoharibu ini. Kuna moshi wa kuni jikoni. Dona na mchicha ni chakula kizuri, ila si kinga ya haya yote.

Na iko hii iliyomchukua mama mkubwa. Haichagui chipsi wala dona. Inaletwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, na watu wengi hukutana navyo maishani. Makadirio ya mwaka 2022 yanasema zaidi ya wanawake 10,000 wa Tanzania waliugua saratani hiyo mwaka huo, na zaidi ya 6,000 walikufa.

Kinachoniuma ni kwamba huyu ni adui mzembe. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri ya mwili huchukua miaka 15 hadi 20 kutoka virusi kuingia mpaka saratani kamili. Miaka 15! Kwa muda huo wote unaweza kumkamata. Kipimo kimojawapo ni siki tu: muuguzi anapaka, panapogeuka pakawa peupe anajua pana tatizo, na tatizo dogo linatibiwa mapema. Mwanamke wa kuanzia miaka 30 anatakiwa apime, na mwenye VVU aanze mapema zaidi. Mabinti wadogo wana chanjo. Ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, ule ule mwaka niliocheka, na mwaka 2024 ikatolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Mimi nimeshapima, nilikwenda nikitetemeka na ilichukua dakika chache. Binti wa binamu yangu kule Lushoto amechanjwa shuleni. Shangazi zangu nawapigia simu, na siulizi tena "hamjambo" nikaridhika na "hatujambo". Nauliza: damu je? Uvimbe je? Kumeza je? Mwanzoni walinishangaa, sasa wananipigia wenyewe. Mmoja tumeshampeleka kupimwa, na safari hii karani alipouliza mgonjwa anaishi wapi, nilisema ukweli: kijijini, Lushoto. Hakuna aliyeturudisha.

Nawe msomaji wangu, mtoto wa mjini mwenye bando kwenye simu, una mama mkubwa, una bibi, una shangazi. Siku akikuambia "kuna kitu nataka nikwambie wewe", zima muziki, toka saluni, msikilize mpaka mwisho.

Kesho nakwenda tena kwa mama lishe. Nitaliacha gazeti hili mezani, ukurasa huu ukiwa juu, pale anapokaa yule kijana wa chipsi mayai.

Wiki njema.