Jirani Aliyezima Taa

Najua mwalimu mlezi wa chama chetu alitarajia kutoka kwangu insha ya methali kama ile ya mwaka jana. Mwaka huu hapana. Mwaka huu nataka tuzungumze juu ya muuaji aliyevaa kinyago cheupe, asiyesema neno, asiyekimbia, na ambaye kila ukidhani amekufa, lo! ameketi wima tena.

Filamu yenyewe inaitwa Halloween. Hilo ni jina la sikukuu ya Wamarekani ya tarehe 31 Oktoba, ambapo watoto huvaa vinyago wakabisha nyumba hadi nyumba kuomba peremende. Huku kwetu tarehe hiyo huwakuta ndugu zetu wa kidato cha nne katikati ya KCSE, kwa hivyo hofu yao haihitaji kinyago. Niliitazama kwa kaka yangu, aliyeileta kwenye flashi kutoka duka la filamu. (Mwalimu asishtuke. Sehemu zisizofaa kaka alizirusha mbele, akijifanya babu yangu.) Nilidhani tutapata ile ya kutafsiriwa na DJ Afro, nicheke kidogo. Wapi! Ilikuwa Kiingereza kitupu, na kimya kingi.

Kisa chake ni kifupi. Mwaka wa 1963, katika mji wa kubuni wa Haddonfield, jimbo la Illinois, mtoto wa miaka 6 anayeitwa Michael Myers anamwua dada yake kwa kisu. Anafungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Miaka 15 baadaye anatoroka, anarudi mjini kwao, na kuanza kumwandama Laurie Strode, msichana wa shule kama mimi na wewe, ambaye usiku huo ameajiriwa kumlea mtoto wa jirani. Mbona amchague yeye? Hatuambiwi. Filamu ya pili, ya 1981, ilikuja na habari ati Laurie ni dada yake Michael. Mimi sikuipenda hata kidogo. Ubaya usio na sababu ndio unaokunyima usingizi.

Kilichonishangaza zaidi ni jinsi ilivyotengenezwa. Mwelekezi John Carpenter na mwenzake Debra Hill, aliyeandika naye mswada, walikuwa na takriban dola 300,000 tu, na kwa filamu ya Marekani hizo ni pesa za sukari. Waliipiga picha majira ya kuchipua mwaka 1978, huko California, ilhali hadithi yao ni ya Oktoba, majani yanapopukutika. Wafanye nini? Wakapaka majani rangi ya kahawia, wakayamwaga barabarani, wakishapiga picha wanayaokota na kuyamwaga mahali pengine. Ukitazama kwa makini utaona miti nyuma imesimama na ukijani wake kama kwamba haina habari.

Na kile kinyago? Kilinunuliwa dukani kwa bei isiyofika dola 2. Kilikuwa sura ya mwigizaji William Shatner, yule Kapteni Kirk wa Star Trek. Wakakipaka rangi nyeupe, wakapanua matundu ya macho, wakavuruga nywele. Basi! Uso wa mtu ukawa uso wa hakuna mtu. Muziki nao Carpenter aliutunga mwenyewe kwa siku tatu hivi, kwa mapigo matano matano ambayo baba yake alimfundisha kwa ngoma za bongo alipokuwa mtoto. Masikio yetu yamezoea mapigo manne, kwa hivyo lile la tano linakujia kama hatua ya mtu nyuma yako. Damu yenyewe karibu haionekani. Sisi wa chama cha maigizo, tunaolia kila mwaka kwamba hatuna pesa za mavazi, tuna la kujiuliza hapo.

Filamu hiyo ya vijisenti iliingiza dola milioni 70 hivi duniani. Wenye kutafuta pesa wakanusa. Friday the 13th ikaja mwaka 1980, A Nightmare on Elm Street mwaka 1984, na nyingine nyingi ambazo kaka anazijua kwa majina na mimi sina haja nazo. Halloween yenyewe imefikisha filamu 13, ya mwisho kati ya hizo ikiwa ya mwaka 2022. Mwaka 2006 ile ya kwanza iliwekwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Katika filamu ya Scream, ya 1996, vijana wanaketi kutazama hiyohiyo Halloween, na mmoja wao anawatajia kanuni za kubaki hai katika filamu za kutisha: usifanye mapenzi, usilewe, usiseme "narudi sasa hivi". Ilikuwa mzaha, lakini watu wengi waliishika kama sheria. Nilipoisimulia Halloween darasani, wavulana wa nyuma hawakunipa nafasi ya kumaliza. "Si hao wengine walikufa kwa sababu ya tabia zao? Laurie alikuwa mtulivu, ndiyo maana akapona." Hata wasichana wawili watatu walitikisa kichwa kukubali.

Carpenter mwenyewe amekana kwamba alikusudia hivyo, na mimi niliitazama tena nikitafuta ushahidi. Nilichoona ni kwamba Laurie anatazama. Akiwa darasani, mwalimu akisomesha juu ya majaaliwa, anageuza macho dirishani na kumwona mtu amesimama ng'ambo ya barabara. Anamwona tena kando ya ua, na tena katikati ya shuka zilizoanikwa. Anamwambia rafiki yake Annie, naye anamcheka. Usiku unapofika, anapigana kwa alichonacho: sindano ya kufumia, kisha waya wa kuangikia nguo. Mtaalamu Carol J. Clover, katika makala ya mwaka 1987, alimpa msichana wa aina hiyo jina la "msichana wa mwisho", na jina hilo limeenea kila mahali.

Lakini kuna kipande ambacho darasa zima halikukizungumzia. Laurie anakimbia nje akipiga mayowe, anaubisha mlango wa jirani. Taa ya kibarazani inawaka. Mtu anachungulia dirishani, anamwona. Halafu taa inazimwa.

Hapo, wenzangu, ndipo nywele ziliponisimama, kwa sababu nalijua tukio hilo bila filamu. Ploti yetu ina milango 12. Mwezi wa Mei mwaka jana, saa nne za usiku, mwanamke mmoja wa kwetu alipiga kamsa hapo langoni. Mtu alikuwa amemkaba akivuta mkoba. Nilisikia makomeo yakisukumwa, klap, klap, upande wa ndani. Mama akashika mchi na tochi akatoka huku akiita majina ya watu mmoja mmoja: "Mama Shiro! Baba Otis! Tokeni!" Ilifunguka milango minne. Nilihesabu. Mwizi alikimbia na mkoba, mwanamke akabaki na shingo iliyovimba.

Asubuhi, kwenye mfereji, wale wa milango minane walikuwa na swali moja tu: "Kwani alikuwa anatoka wapi saa hizo?" Alikuwa anatoka kazini, zamu ya jioni. Niliposikia wavulana wa nyuma wakisema habari ya tabia, niliisikia sauti ya mfereji. Niliwaambia hivyo, na mabishano yakaendelea hadi kengele ya chakula. Mimi huondoka masomo ya ziada saa kumi na mbili na nusu, giza likiingia. Mfukoni nina filimbi aliyoninunulia mama. Wananiita refa.

Mwaka 2018 ilitoka Halloween nyingine, Jamie Lee Curtis akiwa Laurie tena, miaka 40 baada ya ile ya kwanza. Sasa ni nyanya mwenye nywele za mvi, amejenga nyumba yenye makomeo kila upande, na watu wanamwona kama aliyerukwa na akili. Michael anakuja kweli. Wanaomkabili ni watatu: nyanya, binti yake na mjukuu wake, nao wanamfungia chini ya nyumba na kuiwasha moto. Mama yangu hapendi filamu, husema ni za watu wasio na kazi. Lakini kipande hicho alisimama nyuma yangu na mwiko mkononi, hasemi, hasogei, hadi ugali ukashika chini ya sufuria.